Makato ya Saa Nane za Usiku

Benki yangu hainiibii. Naliweka wazi hilo mapema, maana mhariri wangu anaogopa wanasheria kuliko anavyoogopa kipindupindu. Mwizi huja mara moja, hubeba alichokiona, akatokomea, na ukipiga yowe majirani wanatoka na marungu. Benki yangu inakuja kila mwisho wa mwezi, saa nane za usiku, inachukua chake taratibu, halafu inanitumia ujumbe wa simu kunijulisha kwamba imechukua. Ujumbe wenyewe nao una ada. Kwa hiyo nakatwa hela, kisha nakatwa hela ya kuambiwa kwamba nimekatwa hela. Nimpigie nani yowe?

Akaunti yenyewe ni ya hundi. Tulifunguliwa kwa mkupuo enzi za mwajiri wangu wa zamani, ofisi nzima siku moja, kwa soda na biskuti, tukapiga foleni ya kusaini kama mahujaji. Kitabu cha hundi sijawahi kukitia machoni. Nilichokipata ni ada ya mwezi, ambayo ndiyo sifa kuu ya akaunti za namna hii, pamoja na riba ya sifuri. Pesa zangu zinakopeshwa kwa watu wengine, wao wanalipa riba, na mimi mwenye pesa nalipia uangalizi.

Juzi nikaomba taarifa ya akaunti. Inauzwa kwa ukurasa, na kurasa zangu nyingi zilijaa makato, yaani nimelipia kuchapishiwa nilivyolipishwa. Nikakaa kwenye kochi na miwani. Ada ya mwezi. Chini yake ushuru wa bidhaa wa ile ada, asilimia 10. Chini yake VAT, asilimia 18, inayohesabiwa juu ya ada pamoja na ushuru wake, maana huku kodi nayo inatozwa kodi. Halafu ujumbe wa simu: shilingi 50. Ushuru wa ule ujumbe: shilingi 5. VAT ya ule ujumbe: shilingi 9 na senti 90.

Senti! Wanangu hawajawahi kuona senti. Ukimpa konda wa daladala senti 90 atakushusha na gari likiwa kwenye mwendo. Kumbe hazijafa, zimehamia benki, zinaishi kwenye mistari ya akaunti yangu na kila mwezi zinakatwa salama salimini.

Hiyo VAT ya huduma za benki ilipoingia Julai 2016, wakubwa walibishana hadharani nani ailipe. Mamlaka ya Mapato ikasema mteja asiguswe, benki zikasema kodi ya mlaji hulipwa na mlaji. Nilifuatilia ule mjadala gazetini kwa hamu, kila mmoja na hoja yake nzuri, na wakati wanaendelea kubishana mimi nilikuwa nimeshakatwa. Miaka sita baadaye, Julai 2022, tozo ya Serikali tuliyoizoea kwenye miamala ya simu ikavuka barabara ikaingia benki. Safari hiyo kelele zilikuwa za nchi nzima, na kufikia Oktoba Serikali ikawa imeanza kuipunguza na kuifuta sehemu. Nikajifunza kwamba Mtanzania akikatwa na Serikali anapiga kelele mpaka bungeni. Akikatwa na benki anasema “ndiyo utaratibu” na kwenda kuuliza salio. Kuuliza salio kwenye mashine pia kuna ada, kwa hiyo kile kikaratasi kinachotoka kina tarakimu ambayo ilikuwa kweli kabla hujauliza.

Mimi sina ugomvi na kulipa. Mlinzi anataka mshahara, kiyoyozi kinakula umeme, na yule binti wa mapokezi hawezi kutabasamu bure kuanzia asubuhi. Ninachotaka ni mtu mmoja, wa benki yoyote, aniambie jumla. Kwamba baba fulani, kwa mwaka, kukaa kwako hapa kutakugharimu hiki. Ningelipa hata kama ni kingi, na ningelala. Wanachofanya ni kuikatakata ile jumla vipande vidogo vidogo ambavyo hakuna mtu mzima atakayefunga safari kwenda kugombania kimoja.

Kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinawataka watoa huduma waweke ada zao wazi. Na kweli zimewekwa. Kwenye tawi langu orodha iko ndani ya fremu, nyuma ya ua la plastiki, kwa maandishi ya ukubwa wa mbegu za mchicha. Nilisogeza ua, nikavaa miwani, nikaanza kusoma kutoka juu. Sijafika katikati, mlinzi akaja kusimama pembeni yangu.

“Mzee, nikusaidie?”

“Nasoma bei.”

Akaniangalia kwa muda, akaangalia ua, akaangalia mkoba wangu. Nadhani katika utumishi wake wote hakuwahi kuona mtu anasoma lile tangazo, na kwa mafunzo yake ya ulinzi, jambo ambalo halijawahi kutokea ndani ya benki si jambo jema. Akabaki hapohapo hadi nilipomaliza.

Ndipo nikaamua kuhama. Mdogo wangu anaishi Leicester miaka mingi, na nilipomsimulia kwenye simu hakuona tatizo liko wapi. “Kaka, si unaiambia tu benki mpya ikuhamishe?” Kwao Uingereza, tangu mwaka 2013 kuna utaratibu wa pamoja: benki mpya inahamisha kila kitu kwa siku 7 za kazi, mshahara, malipo ya kila mwezi, hata hela inayotumwa kwa bahati mbaya kwenye akaunti ya zamani inafuata mwenyewe. Na kuna benki zinakulipa pauni zaidi ya 100 ili uhamie kwao. Nikanyamaza hadi akadhani mtandao umekata.

Huku kwetu ukitaka kuhama benki, unahama wewe. Ofisi inataka barua ya benki mpya, na ukiipeleka baada ya katikati ya mwezi mhasibu anakwambia mishahara imeshaandaliwa, subiri mwezi ujao. Saccos inakata rejesho lake kulekule kwa zamani. Shangazi ana namba ya zamani kwenye daftari lake, kwa kalamu ya wino, na hafuti.

Benki mpya nayo niliipata Kariakoo, chini ya mwavuli, kwa kijana aliyevaa fulana yenye maandishi ya “Bila Makato” na kinyota kidogo pembeni.

“Mzee wangu, hii haina makato ya mwezi. Sifuri!”

“Kutoa hela?”

“Kutoa kuna kaada kadogo.”

“Kutuma?”

“Kutuma nako kapo, kadogo tu.”

“Nisipotoa wala kutuma?”

“Hapo hukatwi kitu, mzee wangu. Inatulia.”

“Ikitulia sana je?”

Akakuna kisogo. “Ikitulia sana inalala. Sasa kuiamsha ndo unafika tawini na kitambulisho, wanakuelekeza.”

Mama watoto alikuwa pembeni yangu na mfuko wa nyanya, akacheka mpaka nyanya zikamwagika. Yeye ana kikoba. Pale faini ya kuchelewa ni elfu moja, inatajwa mbele ya wanawake wote ukiwa umekaa kwenye mkeka, na mwisho wa mwaka hela hiyohiyo wanagawana. Nikamuuliza kama wanapokea wanaume. Akasema wanapokea, ila wangu wanamfahamu.

Nikajaza fomu ya kijana. Namba ya NIDA, picha ndogo, alama ya kidole gumba, na mshahara ukahamia huko hatimaye. Yakabaki mazishi ya akaunti ya zamani. Kwenye dawati la huduma kwa wateja binti alinipokea kwa huzuni ya kweli, akaniuliza kwa nini nawaacha, akataka niandike sababu kwenye fomu iliyokuwa na mstari mmoja. Nikaandika “makato”. Akabonyeza kompyuta, uso ukabadilika.

“Baba, hii hatuwezi kuifunga. Inadaiwa.”

“Inadaiwa na nani? Mimi niliimaliza yote.”

“Ndiyo, salio liliisha. Sasa ada za mwezi zimeendelea kuingia, salio limekwenda hasi. Mpaka uweke hela kwanza, tukate deni, ndo tukate ya kufunga.”

“Niweke hela kwenye akaunti ninayoifunga?”

“Eeh, baba. Hapo nje kuna wakala, hana foleni.” Akaniandikia jumla kwenye kikaratasi, akanipa kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Nikakigeuza kwenye mwanga nikitafuta senti. Zilikuwepo.