Shati la Sultani

Historia sikuipendea darasani. Niliipendea kwenye bagia.

Kwetu Tanga kulikuwa na mama mmoja aliyeuza bagia kando ya njia ya shule. Mifuko hakuwa nayo. Alifungia kurasa za vitabu vilivyochakaa, alivyovinunua kwa kilo. Siku moja, nikiwa darasa la nne, bagia ziliisha nikabaki nalamba pilipili kwenye karatasi, ndipo macho yakaangukia jina la Kilwa. Karatasi ilimhusu Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Ijumaa moja sultani anatoka msikitini, fakiri wa Yemen akamsimamisha njiani. Hakuomba pesa wala chakula. Aliomba nguo, zile zile zilizokuwa mwilini mwa sultani. Sultani akamjibu kwamba...

Jibu lilikuwa chini ya doa la mafuta, na doa lilipoishia na ukurasa uliishia.

Kesho yake nilitumia pesa yangu yote ya chakula kusaka ukurasa uliofuata. Nikapata jedwali la kuzidisha kwa 7. Keshokutwa nikapata panzi aliyechorwa na kutajwa viungo vyote. Hadi Ijumaa nilikuwa namjua panzi kuliko panzi anavyojijua, na tumbo limechafuka vibaya. Mama akasema ni minyoo, akaninywesha dawa.

Jibu la sultani nililipata nikiwa mtu mzima na ndevu zangu, maktabani. Sultani alikubali. Akaingia nyumba ya khatibu, akabadili nguo, akamwita fakiri azichukue. Yule bwana akazifunga furushi, akajitwika kichwani, huyoo akaenda zake. Mtoto wa sultani akazikomboa kwa watumwa 10, na sultani alipoona watu wanavyomsifu, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. (Tusiupambe sana ukarimu huu. Nguo zilikuwa zake kweli, lakini wale watu 20 hakuna aliyewauliza.)

Tangu hapo ugonjwa haukupona. Kuna watu wanaosimulia mpira, wengine siasa. Mimi ukinipa chai nakupeleka Kilwa. Na hasara zake nazijua. Mwaka tuliokuwa tunapaka chokaa nyumba, nilimkalisha fundi chini ya mwembe nikamweleza jinsi wazee wa pwani walivyotengeneza chokaa: matumbawe yanapangwa juu ya tanuri la magogo, yanachomwa, kisha chokaa inaachwa nje inyeshewe mvua, miezi mingi, mpaka ikomae. Hakuna haraka, nikamwambia, ndiyo maana msikiti mkuu wa Kilwa una kuta mpaka leo. Fundi alisikiliza kwa adabu zote. Akapokea malipo ya awali, akaondoka. Nilipompigia baada ya wiki tatu, akaniambia, "Mzee, si ulisema tuiache ikomae?"

Mke wangu hakucheka. Alisema, "Baba Zuhura, ipo siku historia itakuvua nguo."

Naam. Mwaka juzi nikafunga safari ya Kilwa. Kutoka Dar es Salaam mpaka Kilwa Masoko ni kama kilomita 300, na jirani yangu wa kiti kwenye basi alishuka Somanga akiwa anajua nasaba ya masultani wote, ingawa sidhani kama ndipo alipokuwa anashukia. Asubuhi ilikuwa Ijumaa. Nikapata mashua na nahodha mmoja mwembamba, mcheshi, wa makamo yangu. Tukatweka tanga kuvuka kuelekea Kisiwani, na kabla hatujafika katikati ya mkondo nilikuwa nimeshafika kwa yule fakiri. Niliisimulia vizuri, nisijisifu. Furushi kichwani nilimwonyesha kwa ndoo ya kukumbia maji.

"Akampa?" nahodha akauliza.

"Akampa!"

"Zote?"

"Zote!"

Akatikisa kichwa, akashika usukani kimya. Kimya kile ningekitilia shaka, lakini nilikuwa nimefurahi mno.

Huko Kisiwani, Husuni Kubwa iko juu ya genge, inatazama bahari. Ni jumba la huyu huyu sultani, lenye vyumba zaidi ya 100. Vyumba vyenyewe ni vyembamba, kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukui mrefu na mnyoofu kwa ajili ya kumfurahisha sultani. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan imeokotwa mpaka Zimbabwe Kuu, bara kabisa, upande ilikotoka dhahabu iliyolijenga jumba lile. Haya yote nilimweleza kijana aliyekuwa akinitembeza, ambaye kazi yake ilikuwa kunieleza mimi.

Kisha tukafika kwenye bwawa. Lina pembe nane, limechongwa kwa ustadi, halina maji. Sijui nini kilinipata. Nikashuka, nikakaa ukingoni ndani, nikanyoosha miguu na kuegemea kama mtu anayesubiri kuletewa sharubati, nikamwomba yule kijana anipige picha. Alikuwa anahesabu "mbili" siafu waliponifikia pajani.

Picha ipo. Sultani haonekani, unaonekana unyayo.

Wakati wa kurudi tulimngoja nahodha aswali Ijumaa. Akatoka msikitini anatabasamu, tukateremka pwani. Mguu mmoja wangu uko ndani ya mashua, mwingine majini, akanishika bega taratibu.

"Shekhe," akasema, "hilo shati."

Lilikuwa shati la kitani, la rangi ya maziwa, zawadi ya mke wangu ya Idi. Nikamtazama nione kama anatania. Alikuwa anatania, nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa inasubiri. Na wale vijana wawili wa mashua, ambao asubuhi walisikia kila neno, waliacha kukaza kamba wakanitazama. Ningeweza kukataa. Lakini ukishamsifu mtu kwa nusu saa nzima kwa sababu alitoa nguo zake Ijumaa, akitoka msikitini, Kilwa, halafu nawe uombwe Ijumaa, Kilwa, na mtu atokaye msikitini, utaanzia wapi?

Al-Hasan alikuwa na nyumba ya khatibu ya kubadilishia. Mimi nilikuwa na bahari mbele na kijiji kizima nyuma. Nahodha, kwa huruma, akanipa fulana yake ya kuvulia, iliyokuwa na tundu kwapani na harufu ya kibua wa juzi. Nikapanda nayo basi. Safari hii jirani wa kiti alishuka mapema zaidi, na sikuwa nimefungua mdomo.

Nyumbani nikasimulia kila kitu, nikitumaini angalau kijana wangu atajitolea kulikomboa shati, kama yule mwana wa sultani. Akauliza, "Shati gani?" kisha akarudi kwenye simu yake.

Mama Zuhura hakusema neno. Mimi nikajua yamekwisha. Nilisahau kwamba kisa hiki amekisikia miaka 18, pamoja na mwisho wake, ambao mimi hupenda kuuruka: al-Hasan alipofariki, akatawala nduguye Daudi, naye alikuwa kinyume chake kabisa.

Jumapili shemeji yangu akaja kuazima pesa kidogo, ya haraka, atarudisha mwisho wa mwezi. Nikatia mkono mfukoni. Sauti ikatoka jikoni, haikupanda wala kushuka:

"Mwambie aliyekuwa anatoa alishakufa, na hakuacha kitu."