Nitunze Saa Ngapi?

Taarabu ina adabu zake. Unasubiri ubeti unaomgusa jirani yako, unanyanyuka taratibu, noti mkononi, unapita mbele yake mpaka akuelewe, ndipo unafika jukwaani kumtunza mwimbaji. Safari ile inataka mdundo unaotulia mahali pamoja.

Sasa mwanangu kaniwekea kwenye simu Siti and the Band wa Unguja, vijana waliotokea Dhow Countries Music Academy. Albamu yenyewe ni Fusing the Roots, ya mwaka 2018. Nikavuta mto barazani, hapa Kilwa Masoko. Udi huo! Kanuni hiyo, na nyuzi zake zaidi ya sabini! Nikaanza kuyumba kwa heshima ya umri wangu. Si ndiyo nimekolea, besi ikageuka rege. Nikabadilisha bega. Sijakaa vizuri, wamehamia jazi, fidla na kanuni wanakimbizana na hakuna mkubwa wa kuwakemea. Mtu anaondoka kitini na taarabu, anafika jukwaani na rege. Atatunza kwa mwendo gani?

"Kwani wewe tangu lini ukatunza?" mama watoto akauliza kutoka ndani. Sikumjibu.

Jirani yangu mvuvi wa pweza akasema ile si taarabu, vijana wanaichezea. Hapo nikageuka wakili wao. Nikamwambia, bwana wee, husemwa Seyyid Barghash ndiye aliyeuagiza muziki huu kutoka Misri, kisha Siti binti Saad akauimba kwa Kiswahili mpaka ukamfikisha Bombay kurekodi mwaka 1928. Naye alikuwa anauchezea? Akasema hayo ya Unguja, Kilwa tuna Kilwa Jazz yetu. Yetu! Bendi ya Ahmed Kipande makao yake yalikuwa Dar es Salaam. Wao walichukua jina, sisi tukabaki na magofu.

Juzi kwenye kamati ya arusi ya mpwa wangu nikapendekeza tuite watu wa fidla, udi na kanuni. Mweka hazina akauliza watakula pilau wangapi. Nikasema saba, labda wanane na dereva. Akaandika: "Kinanda, mtu mmoja." Nikauliza na huyo mmoja fidla atazitoa wapi. Akasema zimo, ni kubonyeza tu.