Jirani Yangu Mheshimiwa

Mtu aliyezeekea ofisi za serikali hana salamu. Si kiburi, amezoea kutazama faili, nyuso zinamchosha. Jirani yangu alikuwa hivyo hadi alipoandika barua ya kujiuzulu, maana sheria ya Kenya inamtaka mtumishi wa umma anayewania kiti aondoke kazini miezi sita kabla ya uchaguzi. Kesho yake alfajiri alikuwa langoni kwangu, akiuliza hali ya mama mkwe wangu, mbuzi wangu na goti langu. Goti! Nikadhani namdai.

Sasa ni mwakilishi wadi, mmoja kati ya 1,450 waliochaguliwa nchi nzima, na gharama ya heshima hiyo tunaibeba sisi tuliopakana naye. Jogoo hajawika, kwake watu wamejaa: wa basari, wenye wagonjwa hospitalini, wenye kadi za harusi, wenye matanga. Yeye akichomoka kwa mlango wa nyuma, wao huja kubisha kwangu. "Mzee, si nyinyi ni kitu kimoja?" Mke wangu anawapikia chai wapiga kura wa mtu mwingine, na kwenye kampeni hatukuambulia hata fulana.

Kinachonikera zaidi ni ulimi wake mpya. Alipokuwa ofisini nilimpelekea barua kuhusu karavati lililobomoka njia ya sokoni. Akaniambia bila kupepesa macho: mwaka huu hakuna fungu, andika upya, leta nakala tatu. Nilimchukia, lakini alisema kweli. Leo ukimtajia karavati lile lile anakushika bega: "Mzee wangu, hilo limekwisha." Halijaisha. Punda wanateleza pale kila mvua ikinyesha. Na yeye anajua kuliko sisi sote kwamba kazi ya mwakilishi wadi ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuichunguza serikali ya gavana. Hana tingatinga wala hazina. Ila mgombea gani atapanda jukwaani aseme, "Karavati si kazi yangu"? Tungemzomea, na mimi ningekuwa mstari wa mbele.

Njia yenyewe si ngeni. Marehemu Simeon Nyachae alikuwa mkuu wa mkoa, akapanda hadi kilele cha utumishi wa umma, akaingia bungeni mwaka wa 1992, na mwaka wa 2002 akawania urais. Lakini enzi hizo mkuu wa mkoa akikohoa, machifu walipata mafua. Wetu huyu aliogopwa na karani wa masijala peke yake, tena siku za mwisho wa mwezi tu. Ndiyo maana uheshimiwa unampwaya. Juzi matangani alisimama na karatasi, akatoa rambirambi kama anayesoma kumbukumbu za kikao: kwanza marehemu, pili familia, tatu mengineyo. Wazee wakaitikia kwa makofi. Makofi, matangani!

Barua yangu, na nakala zake tatu, haijajibiwa hadi leo. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Basi nyinyi mlio ofisini na siasa inawawasha, nawaomba kitu kimoja: kabla hamjaandika barua zenu za kujiuzulu, zijibuni kwanza zetu.