Ombi kwa Bi. Jane Forbes Clark kuhusu Marehemu Curt Flood

Kwa Mheshimiwa Bi. Jane Forbes Clark,
Mwenyekiti wa Bodi, Ukumbi wa Umaarufu wa Besiboli,
Cooperstown, New York.



Mimi ni mpenzi wa besiboli tu, sina cheo wala kura, na ninajua kwamba muda wako una wenyewe. Tena nakuandikia hadharani, jambo ambalo mdogo hamfanyii mkubwa wake bila kuomba ruhusa. Ruhusa hiyo naiomba hapa, na radhi juu yake.

Nianze na shukrani, kwa kuwa ni deni. Nyumba unayoiongoza iliasisiwa na babu yako, Stephen Clark, ikafunguliwa rasmi tarehe 12 Juni 1939, na wewe umekuwa mwenyekiti wake tangu mwaka 2000. Mwaka 2006 waliingizwa kwa mpigo watu 17 wa ligi za Weusi na wa enzi iliyozitangulia, akiwemo Effa Manley, mwanamke wa kwanza kuheshimiwa humo. Wote 17 walikuwa wameshafariki. Mlijua hawatapanda jukwaani, na mkawapa haki yao vilevile. Moyo huo ndio ulionipa ujasiri wa kubisha hodi.

Ombi langu linamhusu marehemu Curt Flood, mlinzi wa eneo la katikati la uwanja wa nje wa St. Louis Cardinals kuanzia mwaka 1958 hadi 1969.

Mheshimiwa, wewe unajua kuliko mimi jinsi besiboli inavyoendelea kuishi hata viwanja vikiwa vimefungwa. Kuanzia Novemba hadi wachezaji wanaporudi kambini Februari, mazungumzo yote ni ya usajili: nani yuko huru, nani anakwenda wapi, kwa miaka mingapi, kwa fedha kiasi gani. Desemba 2023 Shohei Ohtani alikubaliana na Los Angeles Dodgers dola milioni 700 kwa miaka 10. Mwaka mmoja baadaye Juan Soto alichagua New York Mets kwa dola milioni 765, miaka 15. Naomba neno “alichagua” lipewe uzito wake. Soto alizisikiliza timu kadhaa, akapima, akaamua. Hadi katikati ya miaka ya 1970 hakuna mchezaji wa ligi kuu, hata awe hodari namna gani, aliyekuwa na haki hiyo kwa mujibu wa mkataba wa kawaida.

Kwa ajili ya wasomaji wengine wa barua hii, niruhusu nieleze kwa ufupi. Kila mkataba ulikuwa na kifungu kilichoiruhusu timu kuurefusha kwa mwaka mmoja zaidi hata mchezaji asiposaini, na timu zilikitafsiri kwamba zinaweza kurudia kufanya hivyo kila mwaka bila kikomo. Timu ilimshika mchezaji hadi ichoke naye, kisha ikimbadilisha na mwingine, yeye huenda anakopelekwa au huacha kazi. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria za kuzuia ukiritimba haziihusu besiboli, na mwaka 1953 ikarudia msimamo huo. Basi mchezaji hakuwa na pa kushitakia.

Oktoba 1969 Flood aliarifiwa kwa simu kwamba yeye na wenzake watatu wamepelekwa Philadelphia Phillies, na kwamba miongoni mwa wanaokuja St. Louis badala yao ni Dick Allen. Flood alikuwa na umri wa miaka 31, akilipwa dola 90,000 kwa mwaka, na Philadelphia hawakuwa na nia ya kumpunguzia. Angeweza kwenda, akacheza, akanyamaza. Tarehe 24 Desemba alimwandikia kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn. Alimweleza kwamba baada ya miaka 12 katika ligi kuu hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali anachotaka mwenyewe, na akaomba timu nyingine zijulishwe kuwa yuko tayari kusikiliza maombi yao. Barua ile haina tusi hata moja. Ni ya mtu aliyelelewa, anayedai haki yake kwa sauti ya chini, na kila ninapoisoma nastaajabu kwamba aliweza kuishika kalamu kwa utulivu ule. Kuhn alikataa. Januari 1970 Flood akafungua kesi.

Chama cha wachezaji kilikuwa kimepiga kura 25 kwa sifuri kumgharimia mawakili. Lakini kiongozi wa chama, Marvin Miller, alikuwa amemwonya waziwazi kwamba kushinda ni vigumu, na kwamba hata akishinda huenda yeye mwenyewe asinufaike. Flood alilijua hilo, akaendelea. Kesi iliposikilizwa New York mwaka huohuo, hakuna mchezaji hata mmoja aliyekuwa kazini aliyekwenda kuketi nyuma yake. Siwalaumu sana, walikuwa na watoto wa kulisha, na kifungu kilekile kiliwabana wao pia. Waliokwenda kumtolea ushahidi walikuwa watu ambao mikono ya wenye timu haikuwafikia tena, na wa kwanza kutajwa miongoni mwao ni Jackie Robinson, mzee aliyekwisha kudhoofika kwa maradhi, ambaye angefariki miaka miwili baadaye.

Tarehe 19 Juni 1972 Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kura tano dhidi ya tatu. Majaji walikiri kwamba hali ya besiboli kisheria si ya kawaida, kisha wakasema ni kazi ya Bunge kuirekebisha. Kufikia hapo Flood alikuwa ameshapoteza msimu mzima wa 1970, akajaribu kurudi na Washington Senators mwaka 1971, akacheza mechi 13, mwili na moyo vikamkataa. Akaondoka Marekani, akaenda kuishi Hispania. Hakucheza tena.

Sasa, kwa unyenyekevu mkubwa, nakuomba tutazame kwa pamoja majina yaliyomo katika nyumba yako. Bowie Kuhn, aliyeikataa barua ile, yumo tangu mwaka 2008. Marvin Miller, aliyesimama upande wa pili wa meza, aliingizwa mwaka 2021 baada ya kusubiri hadi akafariki. Mashahidi wa Flood wamo: Robinson, Hank Greenberg, Bill Veeck. Ron Santo yumo, naye Desemba 1973 ndiye aliyekuwa mchezaji wa kwanza kutumia haki ya kukataa kuhamishwa, haki ambayo makubaliano ya mwaka ule yaliwapa wenye miaka 10 katika ligi kuu na mitano ya mwisho katika timu moja. Watu wa besiboli huiita kanuni ya Curt Flood, kwa kuwa Flood alikuwa na sifa hizo hasa siku aliyopigiwa simu. Na Julai 2025 akaingizwa Dick Allen, mtu aliyebadilishwa na Flood.

Nililishangilia jina la Allen kwa moyo wote, Mheshimiwa. Mara mbili alikosa kwa kura moja tu, na katikati ya mara hizo mbili alifariki, Desemba 2020. Lakini nilipokwisha kushangilia nilijiuliza swali ambalo sijaweza kulijibu: wahusika wa shauri lile mmewaheshimu karibu wote, aliyekataa, aliyetetea, walioshuhudia, aliyebadilishwa, aliyefaidika. Je, aliyelianzisha, akalilipia kwa kazi yake, yeye anabaki nje kwa hoja gani?

Hoja ya kwanza nimeisikia mara nyingi, nayo ni ya takwimu. Mapigo yake 1,861 hayafiki idadi waliyoizoea wapiga kura, na mipira 85 tu aliyoitoa nje ya uwanja ni michache. Ni kweli. Waandishi wa besiboli walimpigia kura kwa miaka 15 na hakuwahi kuikaribia asilimia 75 inayohitajika. Mimi, kwa hukumu yangu, ningesema kwamba kwa uchezaji peke yake Flood ni mchezaji bora sana asiyefika kizingiti. Lakini tusimpunje. Alipata tuzo ya Glavu ya Dhahabu miaka saba mfululizo, 1963 hadi 1969, akiwa katika ligi moja na Willie Mays na Roberto Clemente. Alicheza mechi 226 mfululizo bila kosa la ulinzi. Alikuwa nguzo ya timu mbili za ubingwa, 1964 na 1967. Mwaka 1968, warushaji walipowazima wapigaji kila mahali, ni wachezaji sita tu katika ligi kuu zote mbili waliofikia wastani wa upigaji wa .300, naye akawa mmoja wao. Wazee wa St. Louis bado wanaukumbuka mpira wa Jim Northrup uliompita juu ya kichwa katika mechi ya saba ya fainali ya mwaka huohuo. Na waukumbuke, lakini pamoja na ile mingine yote aliyoidaka. Tena takwimu zake zimekatikia alipofika miaka 31, na sababu ya kukatika kwake ndiyo hasa ninayoileta mbele yako.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na haki inanitaka niitaje. Wanasema Flood alishindwa. Uhuru haukuja kwa kesi yake. Ulikuja tarehe 23 Desemba 1975, msuluhishi Peter Seitz alipoamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally wako huru kwa kuwa mwaka wa nyongeza wa mikataba yao ulikuwa umekwisha bila wao kusaini. Ndivyo ilivyokuwa. Ila chama cha wachezaji kisingekuwa na nguvu ileile kama mchezaji nyota, mwenye mshahara mnono, asingejitoa kwanza na kuwafanya mashabiki na wachezaji wenzake wakitazame kifungu ambacho kwa miongo mingi walikiona kama sehemu ya mchezo wenyewe. Wenye timu walijua. Ndiyo maana mwaka mmoja tu baada ya kushinda mahakamani walikubali kanuni inayoitwa kwa jina lake. Bunge la Marekani nalo lilijua: mwaka 1998 lilipitisha Sheria ya Curt Flood, iliyowapa wachezaji wa ligi kuu ulinzi wa sheria za kuzuia ukiritimba aliounyimwa yeye. Mwenyewe alikuwa amefariki Januari 1997, akiwa na miaka 59.

Wasomaji wetu wa Kiswahili wanaofuata soka wanalijua jina la Jean-Marc Bosman, Mbelgiji ambaye hukumu yake ya Desemba 1995 iliwafungulia njia wachezaji wanaomaliza mikataba Ulaya, huku kazi yake mwenyewe ikiporomoka. Flood alimtangulia kwa robo karne, tena akiwa kijana Mweusi aliyeanzia kazi katika miji ya kusini ambako mwaka 1956 hakuruhusiwa kula meza moja na wachezaji wenzake.

Naelewa kwamba Mwenyekiti hapigi kura, na singethubutu kukuomba uingilie uhuru wa wapigao kura. Najua pia kwamba orodha ya wagombea hutayarishwa na kamati ya waandishi wa historia ya mchezo, na kwamba Kamati ya Enzi ya Kale, yenye wajumbe 16, itakutana tena Desemba 2027. Mwaka 2021 na mwaka 2024, wagombea wa enzi yake walipopangwa, jina la Flood halikuwemo kabisa, ijapokuwa mwaka 2020 wabunge wengi wa Marekani waliuandikia Ukumbi kumwombea. Hajakataliwa na wajumbe wale 16. Hawajapewa nafasi ya kumjadili.

Ndipo naomba mambo mawili, nikiinamisha kichwa. La kwanza, kwamba watayarishaji wa orodha wakumbushwe, kwa njia yoyote ambayo wewe na Bodi yako mtaona inafaa, kuwa kanuni zenu wenyewe zinataja uadilifu, tabia na mchango kwa mchezo pamoja na rekodi ya uwanjani, na kwamba mtu anaweza kupimwa kwa vyote hivyo kwa pamoja. La pili, ikiwa Mungu atajalia apate kura 12 kati ya hizo 16, bamba lake la shaba lisiishie kwenye glavu saba na wastani wa .293. Liandikwe pia, kwa herufi za ukubwa uleule, kwamba mwaka 1969 alikataa kuuzwa.

Nisamehe kwa urefu wa barua na kwa lolote nililolikosea adabu. Nakutakia afya, na msimu mwema kwako na kwa Cooperstown yote.

Wako mtiifu,
Mpenzi wa besiboli