Jinsi ya Kumrudisha Mteja Bila Kumrudishia Pesa

Wewe uliyefungua duka la vifaa vya umeme Luthuli Avenue, Nairobi, anza na ukuta. Kabla hujapanga runinga hata moja, bandika kibao: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Herufi ziwe nyekundu. Kibao hakifuti Katiba, lakini ni wangapi huja dukani na Katiba mkobani?

Asubuhi yake mama atarudi na blenda iliyokufa. Usikatae papo hapo, utazua ugomvi bure. Mwite "mteja wangu", mpe kiti, kisha ulizia stima ya kwao. Stima ya kwao ndiyo mshukiwa wa kwanza siku zote. Akisema friji na redio ziko salama kwenye soketi hiyo hiyo, mkumbushe kwamba mliijaribu hapa hapa akaiona ikizunguka. Ilizunguka kitambo kidogo, tena tupu, bila hata kipande cha embe ndani, ila hayo ya nini kuyachimbua.

Akizidi kusimama, mtume kwa fundi. Fundi aseme imefunguliwa, hata kama aliyeifungua ni yeye mwenyewe, sasa hivi. Waranti imekwisha hapo. Ikibidi, toa silaha ya mwisho: "Mdosi hayuko, rudi Alhamisi." Alhamisi mdosi atakuwa amesafiri. Nauli za kuja mjini zikianza kuikaribia bei ya blenda, hesabu ataifanya mwenyewe ndani ya matatu.

Risiti? Andika "vyombo", basi. Jina la duka la nini?

Kuna mteja mmoja tu wa kuogopa, na huyo hapigi kelele. Amekipiga picha kibao chako. Ana ujumbe wa M-Pesa wenye jina la duka, saa na kiasi alicholipa. Anakutajia Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa kasoro yake. Halafu, kwa upole unaotisha, anaitaja Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu hudai hadi shilingi milioni moja bila kulazimika kuwa na wakili, na hukumu hutakiwa kutoka ndani ya siku 60.

Huyu usimuulize habari za stima. Mwite mdosi, ambaye kumbe yuko stoo tangu asubuhi, mhesabie noti zake kando, na umsihi asiseme lolote mbele ya wale wanaosubiri kulipa.