Betri Kwenye Khanga ya Dada

Keekee ya kutobolea barafu ikiwa dukani haina kasoro. Imetundikwa ukutani, meno yanang'aa, muuzaji anabonyeza kitufe nayo inazunguka kwa mlio wa kutia moyo, na mteja aliyesimama karibu na hita anaamini kabisa kwamba Jumamosi atakula samaki. Tabia yake halisi huiona baadaye, katikati ya ziwa, kwenye nyuzijoto 25 chini ya sifuri, mbele ya mashahidi.

Na mashahidi wapo, tena wengi. Nazungumzia Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Huko Ziwa Mille Lacs, mwendo wa takriban saa mbili kwa gari kutoka Minneapolis, likishaganda hugeuka kitongoji: vibanda, mahema, pikapu, barabara zilizofunguliwa ndani ya theluji. Barafu safi ya sentimita 10 inatosha kumbeba mtu anayetembea kwa miguu. Ya kubeba pikapu inatakiwa ipite 30. Sheria ya jimbo inamruhusu mvuvi awe na mishipi miwili majira ya barafu, wakati kiangazi anaruhusiwa mmoja tu. Nadhani waliotunga sheria hiyo waliwahi kukaa barafuni, wakaingiwa na huruma.

Mimi na shemeji, mume wa dada yangu, ni watu wa Mwanza. Samaki tunawajua. Kitu ambacho hatukulelewa nacho ni ziwa lenye kifuniko. Siku nilipompigia mjomba wangu, mvuvi wa dagaa kule Ukerewe, na kumweleza tunachofanya, mazungumzo yalikwenda hivi:

"Kwa hiyo mnatoboa ziwa ndipo mvue?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na nyie mnakuwa mmesimama wapi?"

"Juu ya ziwa."

Akanyamaza kidogo. "Hebu mpe simu shemeji yako."

Shemeji ndiye mwenye mashine, na mimi ndiye mbeba ndoo. Keekee yake ya kwanza ilikuwa ya petroli, ya mtumba, ile ya kuchanganyiwa oili na kuwashwa kwa kuvuta kamba. Asubuhi ya uzinduzi alivuta choki, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena, na tena, mpaka koti likavuliwa katika baridi ya kuua. Wanaume wa vibanda vya jirani wakaanza kutoka mmoja mmoja, kila mtu na kikombe chake cha kahawa, wakasimama pembeni bila kusema neno. Watu wa Minnesota hawakucheki usoni. Wanakutazama kwa upole, na upole huo unauma kuliko kicheko.

Wa kwanza kutoa ushauri wa maana alikuwa mjomba, tuliyempigia simu pale pale, mtu ambaye barafu ameiona kwenye soda tu. Akaomba simu isogezwe karibu na injini, shemeji avute. Akasikiliza. "Inakohoa halafu inakata?" Ndiyo. "Maji yamo kwenye mafuta. Mwaga hayo, tia mapya, kausha na plagi." Injini za boti za Ukerewe nazo ni za kuchanganya oili, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa ule ule, hali ya hewa tu ndiyo imebadilika. Ukerewe tone la maji likiingia kwenye kabureta, injini inakohoa. Mille Lacs tone hilo hilo linaganda ndani ya kijitundu cha kupitishia mafuta na kukiziba kabisa. Petroli ya huku mara nyingi ina ethanoli, nayo ethanoli hupenda kunyonya unyevu, basi kopo lililosahaulika bandani tangu kiangazi ni mtego unaosubiri mtu. Tulitia petroli mpya, injini ikanguruma, na wale wanaume wakarudi ndani na vikombe vyao, naapa wengine walionekana kuvunjika moyo.

Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba baridi inasingiziwa. Mhalifu ni maji. Chuma kikavu kinaweza kukaa kwenye baridi kali msimu mzima bila neno. Tatizo huja pale joto kidogo linapopita, likayeyusha kitu, kisha baridi ikarudi kukigandisha mahali pabaya.

Shemeji hakuwa na habari hizo aliponunua keekee ya pili, ya betri. Ilikuwa mpya na ya bei, akaipa heshima zote: usiku wa kuamkia safari ililala sebuleni, kando ya hita, imefunikwa. Betri zake mbili akaziacha nje, kwenye pikapu, ili tusizisahau. Alfajiri tukaondoka tukiwa na chuma chenye joto na betri zilizokufa ganzi.

Keekee yenye joto ikigusa theluji, theluji inayeyuka. Maji yanatambaa mpaka kwenye makali ya meno, na kabla hujameza mate yameshaganda. Tabaka la nusu milimita linatosha. Jino limewekwa kwa pembe ya kupimwa ili liume barafu, sasa limevalishwa barafu nyingine, basi linateleza juu kama kijiko cha mbao kwenye sahani ya bati. Mashine inalia, barafu inang'aa, shimo halichimbiki. Shemeji akainua keekee ili ayagonge meno chini yapukutike. Sauti ikatoka nyuma yetu, kwa Kiingereza cha taratibu: "Mimi nisingefanya hivyo."

Alikuwa mzee jirani, mwenye kibanda cha mbao na keekee ya mkono inayoning'inia nje ya mlango. Alitueleza kwa maneno machache kwamba meno hayagongwi kamwe. Yakipinda kidogo tu au yakitoka pengo, hayakati tena mpaka yanolewe upya au yabadilishwe. Kisha akauliza swali ambalo daktari huuliza akiwa tayari ana jibu.

"Ililala wapi?"

"Sebuleni," shemeji akajibu.

"Mmh," akasema mzee. Akatazama pikapu. "Na betri?"

Shemeji hakujibu. Mzee akatikisa kichwa, si kwa dharau, bali kama mtu anayesikiliza habari za msiba wa mbali. Keekee hulala nje, akatuambia, ili ifike kwenye barafu ikiwa baridi sawa na barafu. Betri hulala ndani. Nyumba nzima ya shemeji ilikuwa imepangwa kichwa chini miguu juu.

Tulifuta meno kwa kitambaa mpaka yakakauka, tukaanza upya. Sentimita 20 ziliingia vizuri. Zikaingia 30. Maji yakachomoza, tukashangilia, na betri ikazimika hapo hapo, keekee ikiwa bado ndani ya shimo. Taa zake nne zilikuwa zinaonyesha imejaa dakika chache tu kabla. Ndani ya betri ya lithiamu iliyopoa sana, kemia inakwenda kwa mwendo wa jongoo. Umeme upo ila hautoki kwa kasi inayotakiwa. Shemeji akaitia betri ya pili ndani ya koti, tumboni, akaingia hemani kuipasha. Keekee akaiacha pale pale, imesimama wima shimoni. Alidhani inasubiri.

Haikuwa inasubiri. Ilikuwa inaganda. Barafu iliyosagika ilishikamana na mapindo yake kutoka juu hadi chini, na tulipoivuta, ziwa lote lilituvuta sisi. Kitu pekee cha moto tulichokuwa nacho ni chupa ya chai ya maziwa na tangawizi ambayo dada aliamka saa kumi usiku kuipika. Tulitazamana. Nilipinga. Nataka hilo lieleweke, kwamba nilipinga. Shemeji akaimimina yote, polepole, kuizunguka keekee, mvuke ukapanda na harufu ya tangawizi ikatanda Mille Lacs. Keekee ikatoka. Ilitoka na utando wa chai ya maziwa kwenye meno, ambao uligandia papo hapo.

"Siku si mbaya sana," mzee akasema akirudi kibandani. Huko ndiko kusema hali ni mbaya, kwa lugha ya watu wa jimbo hili.

Nyumbani mambo yakaendelea. Shemeji aliichomoa betri kwenye pikapu na kuipachika moja kwa moja kwenye chaja. Chaja ikawasha taa nyekundu na kukataa. Akaitikisa, akaitukana kwa Kisukuma. Lakini chaja ndiyo iliyokuwa na akili pale sebuleni: betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya sifuri, lithiamu huganda ndani yake kama utando wa chuma, na uharibifu huo haurudi nyuma. Inabidi betri ikae ndani kwanza, ipate joto la chumba, ndipo ichajiwe.

Tangu hapo mambo yamenyooka, kwa gharama fulani. Keekee inalala bandani, meno yamepakwa mafuta ya kupikia ya kupuliza ili maji yasishike, na dada bado anauliza mafuta yake yanakwenda wapi. Betri husafirishwa ndani ya deli pamoja na chupa ya maji ya moto, deli ambalo maisha yake yote lilitengenezwa kwa ajili ya kubeba vitu vya baridi. Usiku zinalala chumbani, zimeviringishwa khanga ya dada, tena ile nzuri, yenye jina la kumsema jirani. "Betri zinafunikwa khanga yangu," dada alisema, "mimi nafunikwa nini?" Shemeji alimwambia yeye hatoboi barafu. Nikaona nitoke nje kidogo.

Sasa shemeji amesoma kuhusu keekee za gesi ya propani. Hazina kabureta ya kulishwa petroli chafu, wala betri ya kubembelezwa. Nilimkumbusha kwamba propani huacha kugeuka mvuke ikifika nyuzijoto 42 chini ya sifuri, na nguvu yake huanza kunyong'onyea mapema kabla ya hapo. Akasema Minnesota haifiki huko. Nikamwambia mwaka 1996, mwezi Februari, mji wa Tower ulifika 51 chini ya sifuri. Akafikiri, akasema basi mtungi tutaupasha joto kwanza.

Dada, aliyekuwa jikoni, amekwishatangaza kwamba chumbani kwake mtungi wa gesi hauingii.