Kwa Heshima ya Dalali wa Vyumba

Wengi huwasifu wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Mimi leo namsifu anayempokea mwanafunzi kabla ya mhadhiri yeyote: dalali wa vyumba. Ofisi yake ni kibao kilichopigiliwa mtini pale Savei, chenye namba ya simu na maneno mawili, "Vyumba Vipo". Hana mlinzi, foleni wala fomu. Ukipiga, hupokea kabla ya mlio wa pili. Simu yake huanza kukosa chaji akishalipwa.

Tusifu kwanza jiografia yake. Umbali haupimi kwa kilomita, bali kwa "hapo hapo tu". Mwambie unataka Changanyikeni, atakutembeza mpaka Goba huku akiapa kwamba hiyo ndiyo Changanyikeni ya juu. Ataanza na chumba kinachovuja, aje na kisicho na dirisha, ili cha tatu, ambacho choo chake mnachangia wapangaji wanane, ukione kasri. Kwa elimu hiyo hudai hela kidogo ya usumbufu, hata usipopata chumba. Ni haki yake: si umesumbuka kweli?

Hisabati yake nayo haina mpinzani. Tuseme chumba ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi: 480,000. Dalali anaongeza mwezi wake: 560,000. Mwezi huo wa saba hauna hata usiku mmoja wa kulala, lakini unalipiwa sawa na mingine. Bumu, ile hela ya mkopo wa mwanafunzi, halijaingia? Analijua hilo, ndiyo maana "kuna mtu anakuja kulipia jioni". Mtu huyo anakuja kulipia vyumba vya Msewe miaka nenda rudi, na jioni yake haijafika.

Wapo wanaotaka aondolewe. Na nafasi yake ashike nani? Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wameachwa wamalizane wenyewe. Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa chuoni mwaka 2017 zilileta nafasi 3,840, neema isiyopingika, ila waliokosa kitanda bado wanahangaika mitaani. Nani anajua chumba gani kitaachwa mwezi ujao, kuanzia Ubungo Kibo hadi Makongo? Nani anajua mama mwenye nyumba yupi hataki wanafunzi, na yupi hufunga geti saa nne usiku? Daftari hilo halipo serikali za mtaa, halipo chuoni. Limo kichwani mwake, na kila ukurasa una bei.

Mpaka hapo wengine watakapoanza kuliandika, mlipe hela yake ya usumbufu bila kinyongo, mwamkie kwa adabu, na namba yake usiifute. Miezi sita si mingi.